Nguzo Nje ya Skramu

Fundi makochi yule alikuwa na shingo iliyokataa kugeuka kulia. Mteja akimwita kutoka upande huo, ilimbidi azungushe mwili mzima, kama kabati linalosogezwa, na wageni wa karakana walidhani ana maringo. Hakuwa nayo. Shingo ile aliiacha kwenye uwanja wa raga akiwa na miaka thelathini na moja, siku skramu ilipoporomoka na wenzake wakamlalia, na tangu hapo hata kumbusu mkewe shavuni kulitaka mpango.

Watu walimwita Nguzo. Mama yake hakumpa jina hilo, alipewa na mchezo. Katika raga, likitokea kosa dogo, tuseme mtu kauangusha mpira mbele, mchezo huanza upya kwa skramu: wanane wa huku na wanane wa kule wanainama, wanafungamana mabega, wanaingizana vichwa, kisha mpira unatumbukizwa katikati na kila upande unasukuma. Mbele kabisa wanakaa watatu watatu. Wa katikati ni kulabu, kwa kuwa kazi yake ni kuuvuta mpira kwa mguu. Walio kando yake ni nguzo, na kazi yao ni kumbeba yeye na kubeba kila kitu kingine. Fundi wetu alikuwa nguzo wa kulia. Nguzo wa kushoto, Tofali, alishahamia ng'ambo kuendesha malori. Na kulabu wao alikuwa rafiki ambaye mpaka leo hakuna anayemwita vingine ila Kulabu, hata kwenye stoo ya vifaa vya ujenzi anakofanya kazi. Miaka tisa watu watatu hao waliinama pamoja kila Jumamosi, na ukimuuliza yeyote kati yao anamjua nani zaidi duniani, angefikiri kwanza kabla ya kumtaja mkewe.

Daktari hakumzungushia maneno. "Chagua, bwana," alimwambia. "Skramu au mkono." Maana mishipa ya shingo iliyobanwa ndiyo iliyokuwa ikitia ganzi vidole vya kushoto, na fundi makochi asiye na vidole ni sawa na kinyozi kipofu. Alichagua mkono. Akaacha kucheza, akarudi kwenye sponji na springi zake, na kwa miezi kadhaa kila Jumamosi mchana alikuwa akivuta mikanda ya viti kwa nguvu isiyohitajika, mpaka mkewe, aliyeketi kwenye cherehani akishona vitambaa vya makochi hayohayo, akamwambia kwamba kiti hakijamkosea kitu, na kama uwanja unamwita basi aende akauitikie.

Akaenda kujifunza urefa. Wenzake walishangaa, kwa kuwa wachezaji wa safu ya mbele na marefa ni paka na panya. Yeye hakuwaeleza. Hakuna mtu asiyecheza anayeruhusiwa kusimama karibu na skramu kuliko refa. Mlango mwingine ulikuwa umeshafungwa.

Kilichomgharimu ni kitu ambacho hakukitarajia. Mwanzoni aliendelea kukaa na Kulabu na wenzake baada ya mechi, wakicheka na kutaniana kama zamani. Halafu maneno yakaanza. Refa anakula na klabu ile. Refa ni wao. Hakungoja aambiwe mara ya pili. Akaacha kwenda klabuni, akaacha kupokea simu za Jumamosi jioni, akamweleza Kulabu kwamba mwenye kipenga hana budi kukaa mbali na kila mtu.

"Basi tutakuwa tunaonana misibani," Kulabu alisema, na wote wawili wakacheka. Ikawa kweli. Miaka ilikwenda, na mara nyingi walizopeana mkono zilikuwa kwenye turubai la msiba wa mtu.

Kila Jumanne marefa walikutana katika darasa moja la kuazima kutazama video za mechi. Aliyewaongoza ni mama mstaafu wa posta, aliyewahi kupuliza kipenga mpaka magoti yakakataa, na wote walimwita Bibi Kipenga. Mabishano makubwa yalikuwa juu ya skramu. Marefa vijana walisema wazi kwamba pale ni bahati nasibu: ikianguka, mtazame anayerudi nyuma, mpe mpinzani wake penalti, maisha yaendelee. Kitabu cha sheria ni kimoja, walisema, lakini miili kumi na sita ikifungamana, nani ataona aliyeanza? Nguzo hakukubali. Angeomba video irudishwe nyuma, aonyeshe kiwiko kilichoanza kutazama chini kabla ya kila kitu kuanguka, au nyonga iliyopinda kuingia ndani, au mguu uliotangulia kusukuma wakati mpira bado uko mkononi mwa anayeuingiza. Aliongea polepole, huku kidole kikipapasa kioo, na wakati mwingine alinyamaza katikati ya sentensi.

"Nguzo, mwanangu," Bibi Kipenga alimwambia siku moja, "wewe unatazama skramu kama mtu anayepita mbele ya nyumba aliyozaliwa, na imeshauzwa."

Darasa lilicheka. Yeye pia alicheka, lakini usiku ule alikula kidogo.

Kwa sababu za wazi hakupangiwa hata mara moja mechi ya klabu yake ya zamani. Ila msimu mmoja, katika mechi ya mwisho iliyokuwa ya kuamua nani apande daraja la kwanza, refa aliyepangwa aliamka na homa kali. Bibi Kipenga alipiga simu karakana. Alisema ameshaongea na timu zote mbili na zote zimekubali, kwa kuwa hakuna anayeijua skramu kama yeye. Nguzo aliandika saa ya mechi kwa chaki kwenye kitambaa. Kocha wa klabu ile sasa alikuwa Kulabu.

Uwanja wenyewe ulipakana na kiwanda cha sabuni, na upepo ukigeuka mchezo mzima ulinukia nguo zilizofuliwa. Refa alibadilishia nguo katika chumba cha mashine ya kukatia nyasi. Kabla ya mechi, kama ilivyo desturi ya marefa, aliingia katika vyumba vya timu kuongea na safu za mbele. Kwa wapinzani alimaliza haraka. Mlangoni kwa klabu yake ya zamani alisimama kwanza. Harufu ya dawa ya kuchua ilimpokea kabla ya watu, na benchi lilikuwa lilelile, na msumari aliozoea kutundikia shati lake ulikuwa na shati la mtu mwingine.

Kulabu alikuja, akampa mkono. "Karibu, bwana refa," alisema.

Si jina lake, si utani, bwana refa tu. Nguzo aliitikia, akawageukia wachezaji kwa mwili mzima, akawaeleza atakachotazama: mkono ushike jezi ya mpinzani wako mgongoni au ubavuni, usishike mkono wake, nguzo asukume mbele moja kwa moja, asichimbe kwa pembeni, hakuna kusukuma kabla mpira haujaingia, na skramu ikiporomoka atapuliza papo hapo. Waliitikia kwa vichwa. Kulabu alikuwa ameinama akifunga kamba ya kiatu kilichokwisha fungwa.

Skramu ya kwanza klabu ilisukuma mapema. "Inama," Nguzo aliita. "Shika. Ingia." Mpira haujaondoka mkononi, wanane wakaondoka. Akapuliza, akawapa wapinzani mpira wa adhabu ndogo, na watazamaji wa klabu wakaanza kumkumbusha alikotoka. Skramu ya pili iliporomoka. Wengine wote waliona rundo la migongo. Yeye alikuwa ameona kiwiko cha nguzo wa wapinzani kikishuka na kuvuta. Penalti kwa klabu. Sasa ikawa zamu ya watazamaji wa upande wa pili kusema alikotoka. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na anayeushika huchafuka unga wa pande zote. Ya tatu ilianguka kwa sababu nyasi zilikuwa zimelowa na miguu yote iliteleza kwa pamoja. Hapo hakumwadhibu mtu. Aliwaita manahodha akawaambia kwamba safari hii fahali hawana kosa, zilizokosa ni nyasi, warudie. Hata wale walionuna walitabasamu.

Kipindi cha pili, klabu ikaanza kutawala. Walikuwa wakiongoza kwa pointi tatu, na kila skramu waliyoipata waliwarudisha wapinzani nyuma polepole, hatua kwa hatua, kama wanaosukuma gari lililozimika. Katika mojawapo, karibu na mstari wa katikati, hakuna kilichokosewa. Migongo sita ya mbele ililala sawasawa kama mbao za meza. Alisikia jezi zikilia kwa kuvutwa, alisikia pumzi za watu wazito zikitoka kwa pamoja, na mtu mmoja humo ndani akisema kwa sauti ya chini, taratibu, taratibu, kama alivyozoea kusema Kulabu. Mpira ulikuwa umeshafika nyuma na ilimpasa aamuru utumike. Hakuamuru. Alikuwa ameinama pembeni, mikono juu ya magoti, vidole vya kushoto vikimwasha, akitamani sekunde moja tu zaidi. Mchezaji wa nyuma wa skramu alimtazama kwa mshangao. Nguzo akashtuka, akaita, mpira ukatoka.

Muda mfupi baadaye nguzo wa kulia wa klabu aliumia goti. Nguzo wa akiba alikuwa ameshaingia kipindi cha kwanza, pale nguzo wa kushoto alipochanika sikio. Benchi halikuwa na mtu mwingine wa safu ya mbele. Kulabu akamsogeza mbele mtu wa safu ya pili, jitu lenye ndevu lililouza nyama na kuitwa Bucha, na kumwingiza mwingine nyuma yake.

Hapa ndipo sheria inapomwachia refa uamuzi. Skramu halisi huchezwa na watu waliofunzwa kukaa mbele tu. Kama timu haina aliyefunzwa, skramu zote zinazobaki huwa za bila kusukumana: watu wanainama, wanashikana, mpira unatolewa, basi. Timu ndiyo inayopaswa kusema kama mtu wake amefunzwa. Refa anaweza kuliamini neno lao. Anaweza pia asiliamini, ikiwa anaona hatari.

"Amefunzwa," Kulabu alisema kutoka kwenye mstari, kabla hajaulizwa.

Nguzo alimwendea Bucha. "Umewahi kucheza mbele, ndugu?"

Bucha alimtazama Kulabu kwanza. "Nimefanya mazoezi."

"Mkono wako wa kulia utashika wapi?"

"Mkono wake," Bucha akajibu, "juu hapa," na akajishika juu ya kiwiko.

"Amekosea kuongea tu," Kulabu alisema. "Mkono unajua."

Nguzo aliwaita wajipange. Alitaka kuamini, hilo lazima lisemwe. Ilibaki dakika kumi hivi, na kama skramu ya klabu ingeendelea kusukuma, mechi ilikuwa yao, na kupanda daraja kulikuwa kwao, na Kulabu angebebwa mabegani. Aliita, "Inama." Bucha aliinama vibaya. Mabega yalishuka chini ya kiuno, miguu ikabaki nyuma kabisa, macho yakatazama ardhi, na ile shingo nene ikapinda mbele kama ya mtu anayetafuta sarafu. "Shika." Mkono ukaenda palepale aliposema ungeenda, kwenye mkono wa mpinzani wake. Mbele yake nguzo wa wapinzani, mtu mwenye uzoefu, alikuwa akisubiri neno moja lililobaki.

Nguzo hakulisema. Alipuliza kipenga, akanyoosha mgongo, akatangaza skramu za bila kusukumana mpaka mwisho wa mechi.

Uwanja ulichafuka. Yeye hakusikia yote. Alimsikia Kulabu, aliyekuja mpaka kwenye mstari na kusimama hapo bila kuuvuka, na hakupaza sauti.

"Hata wewe?" alisema.

Nguzo alimjibu kama refa anavyomjibu kocha, kwamba uamuzi umeshatolewa na arudi kwenye eneo lake. Kisha mchezo ukaendelea. Skramu iliyofuata ilikuwa kama watu wanaoegemeana kusubiri mvua ipite. Mpira ulitoka mara moja, ukafika kwa mawinga wa wapinzani waliokuwa wepesi kuliko uchafu wa mjini wakati wa upepo, na mmoja wao akaukimbiza mpaka mwisho akaulaza pembeni, pointi tano. Klabu haikupanda daraja.

Alibadilisha nguo kwenye chumba cha mashine ya nyasi bila haraka. Alikunja soksi, akazikunjua, akazikunja tena. Wapinzani walipita kumshukuru, na nahodha wa klabu naye alikuja akampa mkono mfupi. Alibaki mpaka mlinzi alipotingisha funguo. Kulabu hakuja.

Jumanne video ilichezwa darasani na watu wakagawanyika. Wapo waliosema alifanya sawasawa. Wapo waliosema alijitwika kisichokuwa chake: timu imetamka mtu wake amefunzwa, lawama ni yao, refa anaweza vipi kupinga? Mmoja alisema kwa upole kwamba pengine ni kumbukumbu ya shingo yake iliyopuliza kipenga. Nguzo alisema huenda, hawezi kuapa. Walimgeukia Bibi Kipenga awaamulie.

"Kitabu kimemwachia yeye," alisema. "Mtu akishaachiwa, hana wa kumuuliza. Tuendelee na video inayofuata."

Msimu ukafungwa. Nguzo alianza kununua nyama mtaa wa pili, asipite kwa Bucha, mpaka mkewe akasema nyama ya mtaa wa pili ni ya kutafunwa na fisi na akamtuma kwa Bucha, kwa jina. Bucha alimpimia, akaongeza kipande juu ya mizani, akafunga. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba siku ile alikuwa ameinama pale akiomba kimoyomoyo kipenga kilie. Akaomba asiambiwe kocha. Nguzo akasema siku hizi hakuna kocha anayemsikiliza yeye.

Lakini neno hilo la Bucha halikumtuliza kama mtu angefikiri. Kuwa sahihi ni jambo moja na kupigiwa simu na Kulabu ni jambo jingine. Kila gari lililosimama mbele ya karakana, aliacha nyundo akasikiliza mlango wake.

Na siku moja asubuhi likasimama gari la mizigo, na juu yake kochi la watu watatu lililopasuka viti vyote, na aliyeshuka ni Kulabu.

"Sikuja kuzungumza mchezo," alisema. "Nimeleta kochi."

Wakazungumza kochi. Nguzo alilipindua, akaonyesha mikanda iliyochoka, akauliza anataka kitambaa gani. Kulabu alisema chochote kisichoonyesha uchafu. Mke wa Nguzo aliwaletea chai akarudi kwenye mshono wake, akishona kwa kelele kidogo kuliko kawaida. Walikunywa. Kulabu aliuliza habari za shingo. Nguzo aliuliza habari za Tofali, na ikaonekana wote wawili wanatumiwa salamu zilezile na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Chai ilipokwisha Kulabu alikaa akizungusha kikombe.

"Ningekuwa mimi refa na wewe kocha," alisema, "ningekuachia."

"Najua," Nguzo alisema. "Ndiyo maana hawakukupa kipenga."

Kulabu alicheka ghafla, kicheko kile kilichokuwa kikimtoka zamani chini ya migongo ya watu, na Nguzo akacheka mpaka shingo ikamuuma. Walipomaliza, Kulabu aliweka kikombe chini. Akasema kwamba stoo inafungua tawi katika mji mwingine, mbali, siku nzima ya safari, na amekubali kwenda kulisimamia. Familia yote inahama. Kochi likiwa tayari litachukuliwa na gari lilelile litakalobeba vyombo.

Nguzo alisema ni jambo jema, kazi ni kazi. Alisema atawahi kulimaliza. Alilimaliza kwa wakati, ingawa angeweza kuchelewesha na hakuna ambaye angeshangaa. Siku ya kulichukua Kulabu alikuwa na haraka, vyombo vimejaa, watoto wanaita kutoka mbele ya gari. Walishikana mikono, halafu wakakumbatiana vibaya, kwa mabega, na gari likaondoka.

Alirudi ndani akaketi kwenye kiti kisichokuwa na sponji.

"Unakosa nini hasa, mume wangu?" mkewe aliuliza. "Kusukuma?"

"Kusukuma ni kazi tu," alisema. "Kuna hapo katikati, refa akishasema shika na hajasema ingia. Mnasubiri. Mmefungana, hamuoni kitu, mnapumua pamoja. Mwenzako akiogopa unajua. Ukiogopa wewe, anajua."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Na ukisimama pembeni unapaona?"

"Napaona vizuri sana," alisema, na akanyanyuka kuchukua nyundo.

Msimu mpya ulianza. Alipangiwa mechi nyingi, nyingine za shule, ambako alitumia muda mwingi kuwapanga nguzo wachanga miguu na mabega kuliko kupuliza. Mvua zilipita. Siku moja mchana, mdomo umejaa misumari midogo, simu ililia. Alitema misumari kiganjani. Kulabu hakusalimia.

"Refa, nikuulize swali," alisema. "Nimechukua timu huku. Nina nguzo wangu wa kushoto, kila tukiinama anavutwa chini na nguzo wa wapinzani, na refa wa huku anampiga penalti yeye. Nimwambie nini?"

Nguzo alitoka nje, kwenye kivuli cha ukuta, mbali na kelele za cherehani. Aliuliza mkono wa yule mwingine unashika wapi. Aliuliza kiwiko. Aliuliza miguu iko wapi wakati wa kusubiri, na Kulabu akaeleza, na wakabishana, na Kulabu akasema yeye haelewi sheria hata kidogo, na Nguzo akasema hilo linajulikana nchi nzima. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza namna ya kumwonyesha refa bila kumkera, simu ilipokata. Salio la Kulabu liliisha.

Alisubiri ukutani pale apigiwe tena, simu mkononi. Jua lilihama kidogo. Ndani mkewe alisimamisha cherehani, akamsikiliza, kisha akaendelea kushona.